Sunbula na Jua la Harmala

Kijiwe chetu kilikuwa jiwe refu kando ya ukuta, pale Makka, penye kivuli kinachodumu hadi alasiri. Tulikaa watatu: mimi Salit, mshona ndara; Shingo, aliyeitwa hivyo kwa urefu wa shingo yake; na Mnajimu, ambaye hakuwahi kubashiri jambo likatokea. Siku ile tulikuwa na mtungi wa maji ya tende. Ng'ambo ya njia, juani, Harmala alikuwa amemlaza mjakazi wake Sunbula kwenye mchanga, mikono na miguu imefungwa, kwa kosa la kumfuata Mtume. Alimtaka amsifu mungu wetu Hubali, basi, neno moja tu, aende zake ndani.

— Mola wangu ni Mmoja, alisema Sunbula. Sauti ilikuwa imekauka, lakini tuliisikia.

— Kaanza tena, alisema Shingo akijimiminia. Mwanamke mbishi huyu! Si aseme tu, yaishe? Haraka haraka haina baraka.

— Sasa haraka imeingiaje hapo?

— Imeingia, Salit. Wewe kunywa.

Mnajimu akakohoa, maana yake ana elimu ya kutugawia.

— Nyie hamjui. Yule ana kijiwe cha baridi chini ya ulimi. Wamepeana hao wafuasi. Ukikinyonya, husikii kiu.

— Acha zako! nilimwambia.

— Wallahi vile. Kimetoka Shamu.

— Jiwe gani? alidakia Shingo. Yule ana jini wa Yemen. Usiku humbeba, humchovya kisimani, humrudisha kabla ya jogoo. Ndiyo maana asubuhi anaamka mbichi kama tango.

— Jini mwenyewe umemwona?

— Mbwa wa jirani kamwona. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Nilicheka hadi maji ya tende yakanipalia. Ng'ambo, Harmala alikuwa amechoka kufoka, kakaa chini anajipepea kwa ncha ya kilemba.

— Sunbula, alimbembeleza, mwanangu, unaniaibisha mbele ya watu. Sema neno tupumzike wote wawili.

— Wewe pumzika tu, bwana wangu. Mimi nimekuzuia?

Shingo alipiga paja. — Kamweza!

Hapo ndipo alipofika mgeni kutoka Taifu, mzigo wa ngozi begani, jasho linamchuruzika.

— Salamu, jamaa. Namtafuta fundi wa viriba vya maji. Nimeambiwa hakuna mkono kama wake, anaitwa Sunbula.

Tukamwonyesha kwa vidole. Aliangalia kamba, akaangalia jua.

— Kafanya nini?

— Kaacha miungu yetu, alisema Mnajimu. Hubali, Lata, Uzza, wote kawatupa.

Mgeni alikuna ndevu.

— Na ninyi, samahanini, mimi mtu wa shamba. Katika hao, ni yupi ambaye mngekubali kulazwa pale kwa ajili yake?

Mnajimu alifungua kinywa. Shingo akasema, «Hubali, Hubali yeye ana...» akaishia hapo, akatazama miguu yake. Nami nilitafuta moyoni walau mmoja, nikawapitia wote. Sikumpata.

Mgeni hakungoja jibu. Alivuka njia, akakunjua ngozi moja, akainyoosha juu ya uso wa Sunbula.

— Wewe! alinguruma Harmala. Unafanya nini?

— Naanika ngozi, bwana. Jua zuri hapa.

— Anika kwingine!

— Kwingine hakuna jua kama hili.

Ngozi moja mikono miwili haiwezi kuimudu. Ilikuwa inalegea pembeni. Niliinuka. Nilishika pembe moja. Shingo akaja nyuma yangu akinung'unika kwamba kukaa kumemchosha, akashika nyingine. Mnajimu alibaki kijiweni akitutazama.

— Hata ninyi mmemfuata Mtume wake? aliuliza Harmala.

— Tunaanika ngozi, alisema Shingo, shingo imerefuka mno.

Chini ya kivuli Sunbula alifumbua macho. Aliikagua ngozi kwa utulivu, kuanzia pembe hii hadi ile.

— Hii haijaiva vizuri, alisema. Ukiitia maji itavuja.

Jua lilipopoa Harmala alimfungua, akitutukana mpaka ukoo. Kesho yake alimlaza tena, naye akasema lilelile. Nasi tukaenda kuanika ngozi.