Mkanda Uliopimwa kwa Kusimama

Tangu basi liondoke, fundi viatu alikuwa akiuvutavuta mkanda unaoshikilia mfuko wa choo aliowekewa tumboni baada ya upasuaji. Mshonaji aliyekaa kando yake, mama asiyejua kuyapita yasiyomhusu, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, ulipopimwa huo mkanda ulikuwa umesimama au umekaa?"

"Nimesimama, kama watu wote."

"Na kazi yako unaifanya umesimama?"

Fundi akakohoa. Kigoda chake hakijapoa miaka ishirini sasa. "Dada, ukilegea huu utaniaibisha mbele ya wateja. Bora unibane."

"Mtu akikaa tumbo linatanuka. Unajikaba bure!" Alishachomoa utepe wake wa kupimia mkobani, akamzungushia palepale juu ya shati, abiria wakijifanya wanatazama nje. "Umeona? Mkanda wako umepungua vidole vinne."

"Haya mambo ni ya kuvumilia tu, dada. Nitauzoea."

Basi likasimama. Mshonaji akaukunja utepe wake polepole, akainuka.

"'Utauzoea,' ndivyo nilivyokuwa nikimwambia marehemu mume wangu," alisema akishuka. "Mkanda wa kwake nilimpima mwenyewe. Amesimama."