Bi Masuda, Sauti Iliyosema Neno Zito

Wasikilizaji wapendwa, uso wake wengi wenu hamkuuona. Sauti yake mnaijua. Masuda Ergasheva, aliyezitia tamthilia za kigeni sauti ya Kiuzbeki kwa miaka thelathini, amefariki Jumanne hapa Tashkenti. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Alizaliwa katika mji wa Margilan. Akiwa binti alifanya kazi katika kiwanda cha hariri, na saa za mapumziko aliwasomea wafumaji gazeti huku mashine zikinguruma. Huko ndiko alikojifunza kusikika bila kupiga kelele.

Miaka tisa iliyopita alimtia sauti Selin. Mnamkumbuka Selin, yule mrembo wa tamthilia aliyewaambia wafuasi wake mtandaoni kwamba ana saratani na amejitibu kwa juisi ya bitiruti. Alikuwa mwongo. Hakuwahi kuugua hata siku moja. Lakini hilo watazamaji walikuja kulijua mwishoni kabisa, na kabla ya hapo nusu ya mji ilikuwa inasaga bitiruti.

Wiki ileile Bi Masuda aliporekodi maneno "nina saratani", daktari wa Margilan aliwaita ndugu zake kwenye korido. Mdogo wao, Robiya, alikuwa na saratani ya tumbo. Upasuaji ulipangwa baada ya mwezi mmoja. Nanyi mnajua desturi yetu, wasikilizaji wapendwa. Mgonjwa haambiwi. Robiya aliambiwa ana vidonda vya tumbo.

Studioni Bi Masuda alikwama kwenye maneno yale mara kumi na mbili. Mwongozaji alidhani amechoka.

Kipindi kile kiliporushwa, Robiya akakataa upasuaji. Vidonda tu, akasema, vya kupasuliwa nini? Kama juisi imemponya Selin saratani, itashindwaje na vidonda? Tena sauti ni ya dada yake mwenyewe.

Kaka yao, Ilhom, aliwakusanya wote akapiga marufuku. "Atakayemwambia ndiye atakayemzika," alisema.

Zilipobaki siku mbili, Bi Masuda alipanda treni kwenda Margilan. Alimkuta mdogo wake na gilasi mkononi, midomo myekundu.

"Dada, leo umekuja na sauti ipi?" Robiya akamtania. "Yako au ya Selin?"

Bi Masuda akamweleza kwamba amesharekodi mwisho wa tamthilia, na Selin ni tapeli. Robiya akacheka. Basi awe tapeli, akasema, mimi juisi yake inanikubali.

"Yule hana saratani, anasema anayo," Bi Masuda akamwambia. "Wewe unayo, Robiya. Sisi ndio tunaosema huna."

Robiya akaweka gilasi chini.

"Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Hata wanangu?"

"Hata wanao."

Kesho yake Robiya alikwenda hospitali mwenyewe na begi lake, na hakumruhusu mtu yeyote kulibeba.

Kaka Ilhom hakumsemesha Bi Masuda kwa miaka minne. Harusi mbili zilipita bila yeye kualikwa. Hakuwahi kujitetea.

Jana nilimpigia simu Robiya. Yuko hai, ana wajukuu watano. Nilimuuliza kama alimsamehe dada yake upesi.

"Upesi wapi, mwanangu," alisema. "Nilimchukia mwaka mzima. Nikamchukia vizuri tu, nikiwa hai."

Kwa Robiya, kwa kaka Ilhom, na kwa wanawe Bi Masuda, mkono wetu wa pole uwafikie. Mungu ampe mapumziko mema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda chumba cha pili kuna mgonjwa wenu anayenisikia sasa, na nyumba nzima inajua jambo ambalo yeye halijui. Nitazima kipaza sauti. Nendeni mkakae naye.