Mama Ushoroba na Mita Sitini Zilizobaki

Kabla sijamsifu mtu mwingine, ijulikane kwamba mjini hapa hakuna anayejua miti kunishinda mimi. Hata profesa aliyekuja na darubini yake aliondoka ameduwaa. Shule tuliachana mapema, bila ugomvi, lakini kitengo cha mipango ya kijani hakiendi bila mimi, fundi wa kupaka alama kwenye miti. Haya, tumwendee mwenye sherehe.

Mama Ushoroba anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina tulimpa sisi, kwa sababu mazungumzo yake yote, hata ya foleni ya chooni, huishia kwenye ushoroba: njia ya miti na majani inayounganisha bustani na bustani, ili ndege, nyuki na kenge wapite mjini bila kukanyagwa na malori.

Alipoanza, bustani zetu zilikuwa kumi na saba, kila moja imejifungia kivyake. Akaanzia msitu wa kilimani, akapita nyuma ya shule, kando ya mitaro, hadi juu ya paa la soko. Fundi gereji aliyegoma kuondoa magari mabovu alitembelewa siku tisa mfululizo, mpaka akanyoosha mikono: "Mama, chukua uwanja, niachie masikio yangu!"

Kukaa hawezi. Kiti chake kina miaka kumi na bado kimevaa nailoni ya dukani. Kikombe chake utakikuta kimepoa dirishani kwa wahasibu, mwenyewe keshafika getini. Mwezi huu ndiyo usiseme. Anapima asubuhi, anapima tena mchana, utadhani mita zitapungua zenyewe.

Maana limebaki pengo moja, mita sitini kati ya bustani ya hospitali na bwawa la mtoni. Alitaka aondoke njia imekamilika. Ndilo jambo pekee alilowahi kujiombea.

Hapo palikuwa na miti kumi na minne mikubwa, ndiyo ingeifunga njia. Kwetu, pete nyeupe shinani maana yake mti usiguswe, nyekundu, ukatwe. Mwezi Machi nyeupe iliniishia, ghala liko mbali, kopo la nyekundu ninalo. Nikajiambia pete ni pete, wakata miti wananijua, nitawaeleza. Nikapaka yote, nikaenda kunyoa. Niliporudi, misumeno ilikuwa imeshanyamaza.

Mama alihesabu visiki kimoja kimoja. "Mwanangu, ulikuwa unawaza nini?" Nikamjibu ukweli: nywele. Kwenye taarifa akaandika "kosa la kitengo", akasaini mwenyewe.

Mama, asante kwa kututembeza mpaka tukaujua mji wetu. Tunakuombea afya, vicheko vya wajukuu, na miguu itakayokubali kupumzika. Miche kumi na minne tumeshapanda, inanifika gotini. Tangu Machi nawaambia watu kwamba wakata miti ndio waliokosea. Walifuata rangi tu. Aliyekosea ni mimi.