Flashi Ndani ya Hirizi

Nyuma ya stesheni ya zamani ya mji wa Thiès, mahali ambapo treni za abiria ziliacha kupita, pana benchi la taruma la reli lililobebwa na matofali manne. Kila asubuhi Mama Kodu huweka hapo birika lake la kahawa ya Tuba, ile yenye pilipili na sukari isiyohesabika, na wastaafu watatu huja kuimaliza. Mbagnick Sarr, aliyefunga breki za mabehewa miaka thelathini, huitwa Breki. Demba Kane huitwa Redio, kwa sababu jambo likimfikia asubuhi, adhuhuri mji mzima unalo. Wa tatu ni Waziri, fundi cherehani ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote, ila aliwahi kumshonea waziri mmoja suti. Asubuhi hiyo Breki alikuwa na hirizi mpya shingoni, na alijua wataiona kabla hajakaa.

— Mserer kaongeza hirizi, alisema Redio. Jana mbili, leo tatu. Unamwogopa nani, mtani?

— Wewe.

— Mtumwa kumwogopa bwana wake ni adabu njema.

— Bwana gani anayekuja kula kwa mtumwa wake kila Ijumaa?

Mama Kodu alicheka. Waserer kama Breki na Watukulori kama Redio wametaniana hivyo tangu enzi za mababu, na Breki asingeubadilisha utani huo hata kwa treni nzima.

— Hii si hirizi, alisema. Ni flashi. Ndew, binti yangu, kaniletea kutoka Italia. Humo ndani zimo habari zangu zote za hospitali. Nikianguka njiani, daktari anaichomeka kwenye kompyuta, anasoma.

— Mbona imevaa ngozi? aliuliza Waziri.

— Kasema niivae shingoni nisiivue, hata nikioga. Sasa maji si yangeingia? Nikampelekea fundi wa hirizi, akaishona vizuri.

Redio alitikisa kichwa kwa kuridhika.

— Umefanya la maana. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndiyo maana yafichwe kwenye ngozi nzuri ya mbuzi.

— Hujaielewa hiyo methali, alisema Mama Kodu.

— Methali haieleweki, mama. Inasemwa tu.

— Lakini kwa ngozi hiyo, alisema Waziri, daktari ataichomekaje?

— Nani kakwambia inachomekwa? Redio alisogea mbele. Vitu vya Italia vinasoma kwa mionzi. Ukianguka, chombo kinasikia kishindo, kinapiga simu.

— Kwa nani?

— Kwa setilaiti.

— Hizo za zamani hizo, alisema Waziri. Za siku hizi daktari anakaa kulekule Italia, anaiona presha ya Breki kama mimi ninavyoona pindo la suruali. Ikipanda, anaishusha.

— Na akibonyeza vibaya? aliuliza Mama Kodu.

— Breki anasinzia mpaka Jumatatu.

— Basi imeshaanza kazi, alisema Redio. Juzi alisinzia sokoni wima, kaishikilia meza ya muuza samaki kama anaigombea na ndugu zake.

Breki alicheka pamoja nao, lakini mkono wake ulikwenda kifuani. Hakuwa amesinzia. Alikuwa na kisukari mwezi wa saba sasa, na pale sokoni dunia ilimzimikia amesimama. Benchini hapakuwa na aliyejua. Ndiyo maana aliipenda flashi: ilijua kila kitu na haikuwa na mdomo. Wenzake wangejua, wangeanza kumuuliza hali kwa sauti za msibani, na hakuna ambaye angemwita mtumwa tena.

— Tena inajua jina, Redio aliendelea. Teksi ikifika tu, lango la hospitali linafunguka lenyewe, mashine inasema, karibu Breki, kitanda chako kile pale dirishani.

— Na wakimchelewesha?

— Inapiga honi ya treni.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Waziri kwa uzito, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nesi wa zahanati, mgeni wa wiki mbili pale mtaani, alikuwa amesimama kando na kikombe chake, akisikiliza.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Flashi yenyewe ni ipi?

Breki alishika hirizi ya kulia. Akaiacha, akashika ya kati. Fundi, kwa ukarimu wake, alizivika upya na zile mbili za zamani, ngozi nyekundu ileile. Zilifanana kama mayai ya kuku mmoja.

— Ya kati. Nadhani.

— Sawa, baba. Tuseme umeanguka hapa sasa hivi, nami nimekuja mbio. Kompyuta sina, ila nina hawa. Aliwageukia wale wawili kwa upole. Mzee wenu anaumwa nini?

Redio alimgeukia Waziri. Waziri aliangalia birika. Breki alimtazama rafiki yake ajuaye kila habari ya mji, akaona kwamba hakuwa na aibu ya kukosa jibu. Alikuwa na hofu.

— Kisukari, alisema Breki. Mwezi wa saba huu. Na nisichomwe penisilini, mwili wangu hauitaki, itaniua.

Mama Kodu alinyoosha mkono, akakitoa kikombe cha kahawa vidoleni mwa Breki.

Redio alikunja kidole kimoja, kisha cha pili, kama mtoto anayetumwa dukani.

— Kisukari. Penisilini hapana.

— Litangaze hilo, alisema Breki. Safari hii nakuruhusu.

— Ngoja kwanza. Redio aliviacha vidole vimekunjwa. Miezi saba. Mtumwa wangu anaugua miezi saba. Nani alikupa ruhusa?

Breki alicheka mpaka hirizi zikagongana kifuani, na moja ikalia kavu, kama plastiki. Ilikuwa ya kushoto.