Mzee Néhémie Lubunga, Fundi wa Jeti Aliyeomba Kubaki Chini

Mzee Néhémie Lubunga alizaliwa tarehe 9 Mei 1936 huko Mwenga, Kivu, mtoto wa tatu wa Mzee Lubunga Kisanga na Mama Wabiwa. Alisoma kwa mapadri hadi darasa la sita. Walipomkuta ameifungua saa ya kanisa ili aone inakula nini, walimpeleka shule ya ufundi Bukavu kabla hajaifikia kengele.

Mwaka 1957 aliajiriwa katika karakana ya ndege mjini Elisabethville, na jeti za kwanza za abiria zilipoletwa zilimkuta hapo. Karakana ile ilikuwa na sheria moja: fundi aliyekaza nati ndiye anayepanda ndege ikijaribiwa. Ukikaza ovyo, umejizika mwenyewe. Rubani wa majaribio alikuwa Kapiteni Delvigne, Mbelgiji aliyechoka na maisha ila hakutaka kuchoka peke yake. Alizima injini moja hewani ili apate kimya kidogo. Alipita juu ya paa la karakana mpaka mabati yakapiga makofi. Na tarehe 14 Agosti 1964, akiwa na viti themanini vitupu na fundi mmoja nyuma, aliigeuza jeti tumbo juu, mzunguko mzima, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Nje ya uzio alisimama Annonciata, binti wa katekista mwenyeji wa Mwenga, aliyemletea mchumba wake chakula. Aliona tumbo la ndege likimeta juani, na alijua nani yumo. Mzee Néhémie alishuka na kiatu kimoja. Cha pili kilipatikana kesho yake kwenye rafu ya mizigo.

“Ulikuwa unawaza nini kule?” Annonciata alimuuliza.

“Kama ile nati niliikaza.”

“Na uliikaza?”

“Si niko hapa?”

Walifunga ndoa tarehe 10 Aprili 1965. Kapiteni alialikwa, ila alikatazwa kucheza.

Vita vya 1996 viliwakuta wamekwisha kurudi Mwenga, vikawavusha ziwa hadi kambi ya wakimbizi Kigoma, na Novemba 2005 wakapewa nafasi ya kuja Uingereza. Milango ya ndege ilipofungwa, Mzee alimtuma mkewe kwa mhudumu: “Muulize, fundi wao amepanda?” Mhudumu alitabasamu, akasema mafundi wamebaki chini. Basi mtu aliyepinduliwa angani bila kulalamika alilia njia nzima, katika ndege iliyokwenda sawa kama meza. Waliposhuka alisema, “Bibi, hii ilikuwa ya mwisho. Hata nikiwa maiti, musinipandishe tena.”

Waliishi mtaa wa Tyseley. Kila asubuhi alisimama kwenye uzio wa karakana ya treni, akisikiliza injini na kutikisa kichwa kama mkaguzi asiyelipwa. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2007. Alifariki hospitalini tarehe 21 Februari 2009, mkewe amemshika mkono, baada ya kurudia ombi lake mbele ya watoto wote.

Siku ya pili mdogo wake, Mardochée, alimpigia Mama Annonciata simu kutoka Mwenga.

“Mama Séverin, kaburi tumekwisha kulichimba. Mumutume na ndege.”

“Alikataa ndege, shemeji. Na mdomo wake mwenyewe.”

“Mutu aliyekufa haogopi kitu.”

“Mimi niliyebaki ndiye ninaogopa. Nimekimbia na huyu mutu tangu vita. Nimechoka kumuhamisha.”

Mardochée akauliza, kwa sauti ya chini, “Na huko kwenye baridi, nani wa kwetu atalala karibu yake?”

Kila mtu katika familia anajua kwamba Mama Annonciata alitaka siku zote kuzikwa Mwenga, kando ya mama yake. 

“Mimi,” alisema. “Mufunike ile shimo.”

Marehemu ameacha mjane, Mama Annonciata. Watoto Séverin, Francine na Sagesse. Wajukuu saba, wanaoelewa kila neno hapa na watakaolijibu kwa Kiingereza. Na mdogo wake Mardochée, anayetusikiliza kwa simu.

Alale kwa amani. Hakuna atakayemwinua tena hapa, ila Bwana, siku yake.