Vipimo Tisa vya Gari la Shemeji

Benchi letu liko katikati ya gereji mbili, na leo tumekaa watatu wapole kama wanafunzi walioitwa ofisini. Kulia yuko Rola. Mashine yake ya kupima nguvu ya injini, gari huipanda likazungusha tairi juu ya mapipa ya chuma. Kushoto yuko Injinia. Yeye hung'oa magurudumu, akafunga mashine yake palepale kwenye ekseli. Katikati mimi, mpaka rangi wa magari, na birika la umeme la kahawa. Saa kumi Shemeji, mjane wa rafiki yetu, anakuja kuchukua gari. Kesho alfajiri anampeleka mama yake hospitali kusafishwa damu.

Gari haliwaki.

Kwa Rola lilitoa nguvu za farasi mia na arobaini, kwa Injinia mia na sitini na mbili. Hawa watu hawana haya, mpaka sasa wanabishana.

— Mapipa yako yanakula nguvu. Tairi zinateleza.

— Na wewe unapima gari lisilo na tairi. Nani analiendesha hivyo?

Injinia akasingizia hewa ya asubuhi. Rola akadai farasi wa mashine yake ni wa kazi, wale wengine wa maonyesho. Mwishowe akasema labda ni marehemu mwenyewe aliyekuwa akikanyaga mafuta. Wakinyamaza, itabidi tuzungumzie injini.

Asubuhi kila mmoja alisema "mara moja tu ya mwisho", tukafika mara tisa. Gari likinguruma limesimama halipati upepo. Lazima feni kubwa ilipulizie mbele. Mara ya tisa feni haikuzunguka. Soketi ni moja, nami nilikuwa nimechomeka birika. Injini ikachemka, ikakwama. Sijawaambia, na roho inaniuma.

Shemeji akafika, kitambulisho cha hospitali cha mama yake mkononi. Rola akamweleza namba zake, Injinia akamsahihisha. Shemeji akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kugusa boneti.

— Shemeji zangu, mimi nilileta gari mbadilishe pedi za breki. Nani aliwaambia mpime nguvu?

Rola akamtazama Injinia. Injinia akamnyooshea Rola kidole. Nikainua birika nimmiminie japo kikombe. Halikuwa na kitu.

Pedi zilikuwa chini ya benchi, boksi halijafunguliwa.