Samaki Wawili wa Jean-Marie Feruzi

Mapadre wetu, wazee wa mitaa ya Kasongo, ndugu mliotoka Nyangwe, Lusangi na Kabambare, wakubwa wa ofisi mlioketi kwenye viti, na ninyi wengi mlioketi kwenye mikeka, mimi ni Célestin, mdogo wake marehemu, baba yetu mmoja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujamteremsha ardhini. Wameniomba nisome taratibu na nisome bila hasira, nami nimewajibu kwamba taratibu nitajitahidi, ila hilo la pili sikuliahidi.

Jean-Marie Feruzi alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Februari 1919, mtoto wa kwanza wa mzee Atumani, mvuvi wa Lualaba, na wa mama aliyefariki kabla mtoto hajaacha ziwa, hivyo akachukuliwa na shangazi yetu Régina, dada ya baba, ambaye wakati ule hakuwa na mtoto wala maziwa, akamlea kwa mchuzi wa samaki aliouchuja kwenye kitambaa na kumnywesha kwa kidole. Nawaomba mkikumbuke kidole hicho, maana tutakirudia.

Mwaka 1929 aliletwa hapa Kasongo katika shule ya wamisionari, akabatizwa mwaka 1931 siku ya Pasaka, baba yetu, aliyekuwa Mwislamu, akaja kwenye ubatizo huo na kikapu cha samaki na hakugombana na mtu yeyote, naye marehemu akamaliza masomo mwezi wa sita 1937, wa pili katika darasa lake, akiandika mwandiko ambao walimu waliubandika ukutani. Julai 1938 aliandikishwa karani msaidizi katika ofisi ya posta ya Kabambare, na tarehe 26 Aprili 1941 alifunga ndoa na Sidonie, binti wa Lusangi, huyu mnayemwona hapa amejifunga kitambaa cheusi, wakajaliwa Marie-Thérèse mwaka 1942, Michel mwaka 1944, Cécilia mwaka 1947 na Heri mwaka 1950. Mwaka 1944 alihamishiwa posta ya Kasongo, na katika kazi hiyo hakuna barua iliyopotea mkononi mwake, hata za wale waliokuwa wakimwita "boyi" huku nywele zake zikianza kuwa na mvi.

Sasa nafika kwenye samaki, na najua wapo waliokwisha kuanza kuguna, maana miaka mitatu hii mji mzima umemcheka kaka yangu kwa ajili ya samaki, basi leo msikilize mpaka mwisho.

Mwaka 1953 alipeleka kifurushi nyumbani kwa Mzungu mmoja, fundi wa reli, akaona sebuleni sanduku la kioo lenye maji, na ndani yake samaki wadogo wekundu waliotoka Ulaya kwa ndege, wakizunguka, wakizunguka, hawana neno. Alirudi nyumbani, kesho yake akaenda kwa Hemedi mfua vyuma akamwomba fremu, akatafuta vioo vya madirisha ya zamani, akavibana kwa lami na mastiki, ule udongo wa kubandikia vioo, sanduku likavuja, akalibomoa, likavuja tena, shemeji Sidonie akatandika magunia sebule nzima, na mara ya tatu maji yakakaa.

Watu walidhani atatafuta samaki wekundu kama wa Mzungu. Yeye alikwenda Nyangwe kwenye mawe ya mto akaleta samaki wakali, na nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba samaki mpole anaogelea tu, haoni kama yuko mtoni au kwenye sufuria, lakini samaki mkali anachagua jiwe lake, anachimba mlango wake, anakuangalia usoni na kukujua, na ukimwondolea jiwe anagombana na wewe uliye mkubwa kuliko yeye mara mia. Hivyo ndivyo alivyopenda kiumbe kiwe, na mimi sioni kosa hapo.

Alijifunza kuchagua kwa kupata hasara. Kwanza alitia pamoja yule mwenye meno ya mbwa, yule anayejivimbisha akiguswa, na yule kambale anayetetemesha mkono mpaka begani, na baada ya siku chache aliyebaki ni mmoja tu, tena ameshiba. Ndipo akajua kwamba hawa huwachanganyi ovyo ovyo, kwamba mwenye kinywa kikubwa usimweke na anayeenea kinywani, kwamba madume mawili kwenye maji hayo hayo ni vita, na kwamba hata ukiweka dume na jike uchague wanaolingana kimo, uwape chungu kilichotobolewa cha kujificha na uyapange mawe ili wasitazamane mchana kutwa, tena ufunike juu, maana mkali akikasirika anaruka. Mwishowe akabaki na wawili, samaki wa mawe wenye vichwa vinene, dume akamwita Kapita kwa sababu alitembea mbele ya kioo kama msimamizi wa barabara, na jike akamwita Mke wa Kapita. Walinenepa. Kapita alimtambua kila mtu wa nyumbani, akamgonga kila mgeni aliyeweka kidole kwenye kioo, na watoto wa mtaa huu, ambao leo wamesimama pale nyuma wakilia, walijipanga mlangoni kumwona.

Mwaka 1955 marehemu aliomba karte ya ustaarabu. Nyote mnaijua karte hiyo, kadi ya serikali, ndiyo inayomruhusu mtu mweusi kulazwa katika jengo la mbele la hospitali, ndiyo inayompeleka mtoto wake kwenye shule yenye madawati mazima, na Michel alikuwa na akili ya shule hiyo. Ili mtu aipate, kamisheni inakuja nyumbani kwake kuchungulia. Nasema kuchungulia kwa sababu sijui neno lingine la watu wazima wanaofunua shuka la kitanda cha mwenzao, wanaohesabu uma zake, wanaoingia chooni mwake na kumuuliza mke wake kama anakula meza moja na mume. Sijasikia kamisheni iliyokwenda kuhesabu uma za fundi wa reli.

Walikuja Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1955, wajumbe watatu, waliotazamiwa asubuhi wakafika baada ya saa sita, jua kali, njaa imewakaza nyuso. Shemeji Sidonie alikuwa ameandaa kahawa na biskuti, kwa sababu marehemu alikuwa amesoma kwamba ndivyo wastaarabu wanavyokaribishana, na lile sanduku la kioo lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe, maana alitaka aonyeshe vyote kwanza, bustani, choo, madaftari ya watoto, na mwishoni kabisa afunue kioo wamwone Kapita. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno ya Kifaransa atakayosema, nimemsikia kwa masikio yangu akiyasema peke yake akinyoa ndevu.

Shangazi Régina alikuwa amefika jana yake kutoka Nyangwe. Alipoona wageni watatu, wakubwa, wenye njaa, na mezani vikombe na biskuti, aliona aibu ya ukoo mzima inamwangukia yeye. Alimwambia shemeji Sidonie: "Wageni watatoka hapa na maji ya moto tu mu tumbo, na mule ndani iko samaki mbili za kunona?" Shemeji hakuelewa ni samaki gani, akadhani shangazi amenunua sokoni, akajibu ndiyo, mama, fanya. Basi wakati wajumbe wanapima upana wa choo, shangazi aliinua kitambaa, akazamisha mkono, Kapita akamng'ata kidole mpaka damu ikatoka, kidole kile kile nilichowaambia mkikumbuke, naye shangazi hakumwachia, akamtoa Kapita, akamtoa na mke wake, akakirudisha kitambaa vizuri kama alivyokikuta.

Wajumbe walirudi sebuleni wakakuta meza, wali wa Kasongo unafuka, na samaki wa mawese na pilipili. Marehemu alishangaa, lakini mtu hawezi kuuliza chakula kimetoka wapi mbele ya wageni, akaketi. Wakala. Na walikula, jamani! Mwenyekiti wa kamisheni aliweka uma kando, akashika kichwa cha samaki kwa mikono miwili na kunyonya mfupa mmoja mmoja, akasema kwamba tangu avuke bahari hajala samaki kama huyu, akaongezewa, akala tena.

Kisha marehemu akasimama, akatengeneza tai, akasema maneno yake ya Kifaransa, akavuta kitambaa. Maji. Mawe. Chungu. Kila mmoja aliangalia kioo, halafu kila mmoja akaangalia sahani yake, na ni shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kidole amekifunga jani, aliyewasaidia: "Munatafuta nini mule? Mumeisha kula yeye. Samaki mukali, nyama yake iko tamu."

Walicheka sana, walicheka mpaka machozi. Na baada ya kucheka wakavaa kofia zao, wakaenda, na mwezi uliofuata marehemu akaitwa ofisini, akasomewa akiwa amesimama kwamba karte amenyimwa, kwa kuwa mwombaji bado ana desturi ya kula mapambo ya nyumba yake.

Mwombaji! Ndugu zangu, mwombaji siku ile hakugusa samaki, alikuwa anakula wali mtupu ili nyama iwatoshe wageni, shemeji Sidonie yuko hapa, aulizwe. Waliokula ni watatu, waliolamba vidole ni watatu, na aliyeitwa mshenzi ni wa nne!

Tena hayakuishia hapo. Mwenyekiti, kwa huruma yake, alimwita pembeni akamwambia: "Wewe iko mutu muzuri, Feruzi, lakini ule muzee arudi kwao." Maana yake shangazi aondoke nyumbani, marehemu aandike kwamba haishi tena na watu wa kijijini, na ombi litaangaliwa upya. Kaka yangu alifikiri juu ya Michel na ile shule, najua alifikiri. Halafu akajibu: "Yule iko shangazi yangu. Wageni walikuja, akawapikia. Mimi nimufukuze juu ya nini?" Akarudi kazini. Tangu siku ile shangazi hakurudi Nyangwe, kaka alimjengea chumba, na kwa mshangao wa wote alikwenda tena kwenye mawe ya mto, akachagua samaki mwingine, mmoja tu, mkali kuliko wa kwanza.

Marehemu alianza kuugua tarehe 26 Februari mwaka huu 1958, homa na kichomi, akitapika damu kidogo, akapelekwa hospitali siku ya tatu. Katika jengo la mbele kulikuwa na vitanda vitupu vimetandikwa, nimeviona kwa dirisha, vyeupe, havina mtu, na nilipomwomba mlinzi alinijibu, bila ubaya, kama mtu anayesema mvua inanyesha: "Kule ni ya batu ya karte." Akalazwa katika jengo la nyuma, ambako vitanda vilikuwa vimejaa wawili wawili, yeye akapewa mkeka barazani, na mvua ya mwezi wa tatu inaingia barazani, tukaizuia kwa magunia yale yale yaliyofyonza maji ya sanduku la kioo. Alifariki hapo Jumanne tarehe 11 Machi 1958, alfajiri, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya shangazi Régina. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Inanipasa kushukuru, nami nashukuru kwa moyo. Tunamshukuru daktari, aliyekuja kila alipoweza na ambaye najua aliona aibu, tunamshukuru muuguzi Victorine aliyemgeuza na kumfuta kama ndugu yake, tunawashukuru makarani wenzake wa posta waliochonga jeneza, tunamshukuru Hemedi kwa misumari, na majirani, Wakristo na Waislamu, ambao hawajalala. Vitanda vyeupe siwezi kuvishukuru, havikufanya kitu.

Yule samaki wa mwisho yupo bado sebuleni. Jana wapishi walimuuliza shangazi kama naye aingie kwenye sufuria ya msiba, akawajibu: "Ule hapana. Ule iko mutu ya nyumba." Na asubuhi hii alimlisha mwenyewe, akang'atwa tena.

Lakini chakula kipo, samaki wa soko la Nyangwe, na wali, shangazi amepika tangu jogoo, na baada ya mazishi hakuna atakayetoka katika uwanja huu na tumbo tupu. Nasema na wewe pia, bwana mwenyekiti wa kamisheni, uliyekuja kutupa pole na kuketi kwenye kiti chetu, utakula pamoja nasi, utapewa kichwa, kwa sababu katika nyumba hii mgeni anakula, na ni kwa hilo tu kaka yangu alifia barazani.

Jean-Marie, mtoto wa Atumani na wa Régina, hakuna atakayekuja tena kupima choo chako. Lala, yaya, kaka yangu mkubwa, jiwe lako ni hili, na hakuna wa kukuondolea.